Maktaba Imo Mkononi, Ufunguo Uko kwa Mkutubi

Huenda nyumbani kwako yumo kijana anayesoma chuo kikuu. Amerudi likizo, usiku kucha ameinamia simu, na asubuhi anakuomba fedha za bando. Wewe uliyetoka zamu ya usiku kiwandani unamtazama na kusema moyoni: "Huyu hasomi, anacheza." Pengine wasema kweli. Lakini pengine kijana huyo amesimama mlangoni mwa maktaba, naye hana ufunguo.

Zamani maktaba ilikuwa jengo na rafu zake. Jengo bado lina kazi: maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 2018, ilijengwa iweze kuchukua vitabu 800,000 na wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja. Hata hivyo, sehemu kubwa ya elimu mpya haipangwi tena rafuni. Huja kwa njia ya intaneti, katika majarida ya kitaalamu.

Majarida hayo ni ghali. Mwanafunzi akitafuta makala peke yake, aghalabu hukutana na ukurasa unaomtaka alipe dola 30 au zaidi kwa makala moja tu. Hapo wengi hukata tamaa, wakaokota chochote kilicho cha bure, kiwe sahihi au kiwe porojo. Wasilolijua ni kwamba huenda chuo chao kimekwisha kupata kibali cha kuisoma makala ile ile.

Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani, likishirikiana na wachapishaji wakubwa 6, lilianzisha mpango wa Hinari ili vyuo na hospitali za nchi zenye kipato kidogo zisome majarida ya tiba bure au kwa bei nafuu. Mwaka 2003 ulifuata mpango wa Agora kwa ajili ya kilimo, na baadaye mingine ya mazingira, ufundi na sheria. Yote kwa pamoja huitwa Research4Life, na Tanzania imo katika kundi la nchi ambazo taasisi zake hazitozwi. Lakini angalia: kinachosajiliwa ni chuo. Mwanafunzi huingia kupitia chuo chake, na wa kumwelekeza njia ni mkutubi.

Kuna na kizuizi kingine. Majarida mengi hufunguka baada ya kuutambua mtandao wa chuo. Kijana aliyesoma bila taabu akiwa chuoni, akifika nyumbani Mbagala hukuta mlango umefungwa. Hakufukuzwa na mtu. Ni mtandao wa simu yake tu usiotambulika. Basi kabla ya likizo amwulize mkutubi namna ya kuingia akiwa mbali. Tena makala anazozihitaji azipakue na kuzihifadhi mapema, azisome nyumbani bila kutumia bando.

Yapo pia majarida yaliyo wazi kwa kila mtu, yasiyodai malipo wala usajili. Orodha yake mashuhuri, iitwayo DOAJ, ilianzishwa mwaka 2003 katika Chuo Kikuu cha Lund, Sweden. Humo kijana ataingia hata akiwa kitandani kwake.

Jambo hili si la wasomi peke yao. Mwanafunzi wa udaktari anayejenga tasnifu yake juu ya porojo, kesho atamtibu mtoto wa nani? Wako na wangu. Vyuo navyo vina wajibu wa kuwafundisha vijana njia hizi tangu majuma ya kwanza, wala wasingoje mwaka wa tasnifu.

Nawe mzazi, usiishie kuuliza, "Umesoma?" Uliza pia, "Umekwenda kwa mkutubi?" Kuuliza si ujinga. Swali hilo moja laweza kuokoa fedha zako za bando, na mwaka mzima wa kijana wako.