Ningu Hupanda Mto Wakati wa Mvua

Mvuvi wa mto hana budi kuyajua majira, kama mkulima ajuavyo wakati wa kupanda. Katika mito ya Nzoia, Yala, Sondu na Kuja, iingiayo Ziwa Viktoria, ningu huja na mvua. Masika yaanzapo, kati ya Machi na Mei, maji hujaa na kuchafuka. Ndipo samaki hao hutoka ziwani na kupanda mto makundi kwa makundi ili kutaga mayai. Wavuvi wa omena, wavuao kwa taa, hupumzika siku za mbalamwezi. Bali mvuvi wa ningu hutazama mvua kwanza kuliko mwezi.

Lakini wakati huo wa neema ndio wa hatari. Nyavu za nailoni zilipoenea katika miaka ya 1950, zilitegwa milangoni mwa mito, zikanasa majike kabla ya kutaga. Ningu, aliyekuwa chakula na biashara ya watu wengi, akapungua sana.

Mkulima mwenye busara hali mbegu zake zote. Vivyo hivyo mvuvi: na auache mlango wa mto wazi hadi samaki watage, ndipo atege wavu wake.