Duka la Jirani na Bei ya Mjini

Iko hesabu moja ambayo kila mwenye nyumba katika Mkongo huifanya baada ya kuuza korosho au ufuta wake, na ambayo kila mfanyakazi huifanya siku ya mshahara. Sukari, sabuni na mafuta ya kupikia vina bei yake katika duka la jirani. Kibiti, kando ya barabara kuu ya lami, bei hupungua. Na Kariakoo, Dar es Salaam, hupungua zaidi. Kwa nini, basi, mtu amlipe jirani zaidi kwa kitu kile kile? Swali hili ni la haki, wala hatupendi kulijibu kwa maneno matamu. Mtu mwenye kipato kidogo hana wajibu wa kumtajirisha mwenye duka kwa sababu tu wanasalimiana asubuhi.

Lakini kwanza tuuelewe unafuu wa mjini watoka wapi. Tajiri wa mjini hununua kwa lori zima, na gharama ya lori hilo hugawanyika juu ya mamia ya magunia. Mwenye duka wa Mkongo hununua mifuko miwili au mitatu. Juu ya mifuko hiyo hulipa nauli yake mwenyewe, ujira wa mpagazi, na gharama ya gari litakalouchukua mzigo kutoka lami hadi kijijini, njia ambayo masika huifanya kuwa ngumu. Bei yake si lazima iwe dhuluma. Mara nyingi ni gharama ya udogo wake.

Pili, tujue jirani huyu huuza nini. Pamoja na sukari, yeye huuza robo ya sukari. Huuza mafuta kwa kipimo kidogo na sabuni kwa kipande, kwa kuwa anajua fedha ya leo ni ya leo. Mtoto hutumwa kwake bila hofu, na usiku mlango wake hugongwa akafungua. Zaidi ya yote, analo daftari. Mapato ya mkulima huja kwa msimu, lakini njaa haina msimu. Mwezi wa Aprili 2024, maji ya mto Rufiji yalipofunika mashamba ya mpunga na mahindi katika wilaya za Rufiji na Kibiti, ni duka gani kubwa la mjini ambalo lingemwandikia mkulima deni la unga kwa kulijua jina la baba yake tu? Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Hata hivyo haki ina pande mbili. Wapo wenye maduka ambao mizani yao huinama upande mmoja tu, na daftari lao huongezeka hata mdeni akiwa amelala. Kukopa harusi, kulipa matanga. Mteja aliyefungwa na deni hawezi kuuliza bei, na asiyeweza kuuliza bei si mteja tena. Wema wa namna hiyo ni mtego.

Nchi yetu imekwisha kujaribu njia nyingi za kulitatua jambo hili. Mwaka 1962 iliundwa COSATA, ili maduka ya ushirika yamletee mwananchi bidhaa kwa bei nafuu. Ikashindwa kwa uhaba wa mtaji na wa watu waliojua kazi ya duka. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Shirika la Biashara la Taifa likachukua biashara kubwa ya jumla, na miaka ya sabini yakafuata makampuni ya biashara ya mikoa. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka: maduka ya watu binafsi vijijini yakafungwa ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya vijiji. Nia ilikuwa njema. Lakini mahali pengi mlango wa zamani ulifungwa kabla mpya haujawa na bidhaa, na mwananchi akabaki na fedha mkononi bila chumvi nyumbani. Tulijifunza kwa uchungu kwamba duka ni kazi ya maarifa, wala halijengwi kwa amri.

Basi je, tuutegemee ukubwa wa tajiri? Uchumi, kampuni ya Kenya, ilifunga maduka yake nchini mwaka 2015. Nakumatt, nayo ya Kenya, iliyoyachukua maduka ya Shoprite mwaka 2014, ikafunga milango miaka michache tu baadaye. Duka kubwa huja kwa hesabu ya faida na huondoka kwa hesabu hiyo hiyo; halina makaburi ya wazee wake hapa.

Shauri letu ni hili. Mwaka 1844, katika mji wa Rochdale, Uingereza, watu 28, wakiwamo wafumaji maskini, waliweka akiba ya pamoja wakafungua duka dogo la unga, siagi na sukari. Walipima kwa haki, wakauza kwa fedha taslimu, na faida wakagawiana kwa kadiri ya ununuzi wa kila mmoja. Wenye maduka wa Mkongo na vijiji jirani nao wanaweza kuungana kukodi lori moja na kununua kwa jumla, kila mmoja akabaki na duka lake, na wateja wake anaowajua kwa majina. Hapo ukubwa utashusha bei, na udogo utalinda utu.

Lakini kuwe na masharti: bei iandikwe ukutani, mizani ikaguliwe, na kila mdeni awe na daftari lake linalolingana na lile la duka. Mali bila daftari hupotea bila habari, na deni ni vivyo hivyo. Nasi wateja tulipe kwa wakati, tusimkimbilie jirani siku ya shida tu, kisha siku ya neema tukampita na mizigo ya Kariakoo kichwani. Tukimwacha akafunga mlango wake leo, mafuriko yajayo tutakwenda kuugonga mlango wa nani?