KABLA YA KUBEBA MTU, JIFUNZE KWANZA
Leseni ya kujifunzia na leseni ya dereva wa kazi

Asubuhi moja ya siku ya soko, mama mmoja alipanda bodaboda kuja kituo cha afya. Mgongoni alikuwa na mtoto mwenye homa. Dereva alikuwa kijana wa miaka 19 aliyetoka Kivu ya Kusini. Pikipiki alifundishwa na rafiki yake kwa mchana mmoja tu, kwenye uwanja wa mpira. Kesho yake akaanza kubeba abiria.

Kwenye kona walikutana na lori la ndizi. Kijana alishtuka akapinda kulia, kama alivyozoea kuona magari yakifanya nyumbani. Lakini hapa Uganda kulia ndiko lilikotoka lori. Dereva wa lori alifunga breki, pikipiki ikateleza ikaanguka. Mtoto alipona. Mama alivunjika mguu, akapelekwa Mbarara. Kijana alipasuka kichwa, kwa sababu hakuwa na helmeti. Pikipiki ilishikwa na polisi, na haikuwa yake. Alikuwa akiilipia kila wiki kwa mwenyewe.

Wapendwa wasomaji, hatuandiki haya ili kumcheka kijana huyo. Alikuwa anatafuta chakula cha wadogo zake. Tunaandika kwa sababu kituoni tunapokea majeruhi kama hawa mara kwa mara, na wengi wao waliumia kabla ya kujua sheria.

UPANDE WA KUSHOTO
Congo, Burundi na Rwanda magari hupita kulia. Uganda, Kenya na Tanzania hupita kushoto. Mtu aliyeendesha miaka kumi Bukavu au Bujumbura anajua usukani, lakini mwili wake umezoea upande mwingine. Wakati wa hofu, mwili hurudi kwenye mazoea. Kwa hiyo hata dereva mzoefu anahitaji kujifunza tena, polepole, na mtu anayejua barabara za hapa.

LESENI YA KUJIFUNZIA NI NINI?
Uganda wengi huiita perimiti ya mwanafunzi. Ni ruhusa ya kujifunza, si ruhusa ya kufanya kazi. Anayeiomba awe ametimiza miaka 18. Mwenye leseni hii hubandika herufi L mbele na nyuma ya chombo, ili wengine barabarani wajue kwamba huyu bado anajifunza na wampe nafasi. Akiwa kwenye gari, lazima aketi pamoja na mtu mwenye leseni kamili. Akiwa kwenye pikipiki, habebi abiria wa kulipa.

Wengine husema, "Hiyo ni njia ya serikali kula pesa zetu." Sivyo. Muda wa kujifunza ndio muda wa kukosea bila kuua mtu.

HATUA KWA HATUA
1. Anza na kitambulisho chako cha mkimbizi kutoka Ofisi ya Waziri Mkuu. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi Uganda, lakini haimwondolei sheria za barabarani.
2. Pata leseni ya kujifunzia, kisha jifunze kwa mwalimu au shule ya udereva.
3. Fanya mtihani mbele ya mkaguzi wa magari wa polisi. Ataangalia kama unajua alama za barabarani, na kama unaweza kuendesha.
4. Ukifaulu, peleka cheti cha mkaguzi kwenye ofisi ya leseni. Tangu Machi 2021 kazi hii inafanywa na kampuni ya uchapishaji wa usalama. Kwa wakazi wa Nakivale, ofisi ya Mbarara ndiyo ya karibu.

Angalieni matapeli! Ofisini mtu hupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Basi anayekuambia, "Nipe pesa, nitakuletea leseni hapa hapa kambini," ni mwongo. Atakula pesa, au atakuletea karatasi ya bandia itakayokutia gerezani.

KUTOKA PIKIPIKI HADI LORI
Leseni ina madaraja. Daraja A ni la pikipiki, na B ni la gari dogo. Malori yana CM kwa ya kati na CH kwa mazito. Magari ya abiria yana DL kwa madogo, DM kwa ya kati na DH kwa mabasi makubwa. Mwenye A haruhusiwi gari, na mwenye B haruhusiwi lori wala basi.

Kupanda ni kama ngazi. Huwezi kuanza na basi. Unaanza na gari dogo, unapata uzoefu, unafanya mtihani mwingine, ndipo unaongezewa daraja. Sababu ni wazi: lori lililojaa mizigo halisimami haraka kama gari tupu, na dereva wa basi ameshika roho za watu wengi mkononi.

Mwenye chombo naye asikilize. Ukimpa pikipiki au gari mtu asiye na leseni, wewe pia una kosa. Bima ya kumlinda mtu wa tatu ni lazima kisheria, lakini ajali ya dereva asiye na leseni huleta mabishano na bima, na deni linaweza kubaki mlangoni kwako.

AFYA YA DEREVA
Dereva apime macho. Asiyeona vizuri jioni asibebe abiria jioni. Mwenye kifafa aongee na daktari kabla ya kushika chombo chochote. Dawa nyingine za mafua na za mzio huleta usingizi. Ukipewa dawa kituoni, mwambie muuguzi kwamba wewe ni dereva. Pombe hata kidogo hupunguza wepesi wa kufunga breki.

Na helmeti, au kaske kama wengi wetu tunavyosema, ivaliwe na dereva pamoja na abiria, na mkanda wake ufungwe kidevuni. Uchunguzi uliofanywa katika nchi mbalimbali umeonyesha kwamba helmeti hupunguza hatari ya kifo kwa waendesha pikipiki kwa takriban asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Ikiwekwa kwenye tangi la mafuta haimsaidii mtu.

NA WEWE ABIRIA
Pikipiki ni ya abiria mmoja. Usikubali kubanwa watatu. Muulize dereva, "Ndugu, una leseni?" Akikasirika, shuka. Wapo wengine.

Yule kijana sasa amepona. Mwenye pikipiki alikataa kumpa tena mpaka alete leseni, na ameanza kujifunza upya. Mama bado anatembea kwa gongo. Tunamwona kila anapokuja kliniki, na kila mara tunakumbuka kwamba somo la mchana mmoja halikutosha.

Pole pole, ndugu zetu. Abiria wako ni mzazi au mtoto wa mtu.