Pikipiki kongwe: Namna ya kulinda vyuma vinavyong'aa dhidi ya kutu

Na Mwandishi Wetu, Tunduma

MJI wa Tunduma uko zaidi ya kilometa 900 kutoka Dar es Salaam na zaidi ya meta 1,500 juu ya usawa wa bahari. Haufikiwi na upepo wa chumvi unaokula mabati na vyuma vya Dar es Salaam, Tanga na Zanzibar. Pamoja na hayo, pikipiki iliyozeeka katika mji huu ulioko mpakani mwa Tanzania na Zambia nayo huota kutu. Huanza vidoa vidogo vya kahawia kwenye ringi, hufuata malengelenge kwenye madigadi, na mwisho hujitokeza vishimo kwenye miguu ya shokapu za mbele.

Kwa mwenye pikipiki mpya, hasara hiyo huishia dukani, kwani kifaa kilichoharibika hununuliwa kingine. Kwa mwenye pikipiki kongwe mambo ni tofauti. Honda CG 125 ilianza kutengenezwa mwaka 1976, na Vespa, ambayo wakazi wa Zanzibar wanaifahamu vyema, ilianza nchini Italia mwaka 1946. Madigadi au ringi halisi ya pikipiki za umri huo haipatikani kwa urahisi, na kifaa cha kuigiza mara nyingi hakina uzito wala mng'ao wa kile cha awali.

Shirikisho la kimataifa la magari ya kihistoria, FIVA, hukihesabu chombo cha moto kuwa cha kihistoria kinapofikisha umri wa miaka 30 au zaidi, kikiwa kimetunzwa katika hali inayolingana na asili yake. Maana yake ni kwamba pikipiki ambayo nyumba moja huiona kuwa chakavu, kwingineko huhesabiwa kuwa mali. Tofauti kati ya hayo mawili mara nyingi huamuliwa na hali ya vyuma vyake vinavyong'aa.

Tatizo ni kwamba pikipiki nyingi huharibiwa na bidii ya wenyewe. Kutu inapoonekana, hatua ya kwanza huwa ni kusugua kwa mchanga, majivu, stilwaya au msasa. Chombo hung'aa siku hiyo, lakini msimu wa mvua unapofika kutu hurudi kwa nguvu zaidi. Sababu yake iko katika namna mng'ao huo unavyotengenezwa kiwandani.

Kinachooza ni chuma cha ndani

Mng'ao unaofanana na kioo kwenye ringi, usukani, madigadi na ekzosi kwa kawaida hutokana na matabaka mawili ya madini yaliyopakwa juu ya chuma kwa njia ya umeme. La chini ni nikeli, na la juu ni kromiamu. Teknolojia ya kupaka kromiamu iliingia viwandani katikati ya miaka ya 1920. Kabla ya hapo, vyombo vya moto viling'arishwa kwa nikeli pekee, ambayo hufifia na kuhitaji kupigwa rangi ya mng'ao mara kwa mara.

Kromiamu yenyewe haioti kutu. Ikikutana na hewa hujitengenezea utando mwembamba usioonekana ambao huizuia kuendelea kuliwa. Ni madini hayohayo yanayoifanya sufuria ya chuma cha pua isipate kutu, kwa kuwa chuma cha aina hiyo huwa na kromiamu isiyopungua takriban asilimia 10.5.

Udhaifu uko kwenye unene. Tabaka la kromiamu ya urembo huwa na unene wa kati ya mikroni 0.25 na 0.5, na mikroni 1,000 ndizo hufanya milimeta moja. Tabaka hilo ni jembamba kuliko unywele wa binadamu kwa zaidi ya mara 100. Nikeli iliyo chini yake ni nene zaidi, lakini nayo haizidi sana mikroni 30. Aidha, kromiamu hutoka kiwandani ikiwa na vitundu na nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho.

Hali hiyo inafanana na paa la bati lililo zima ila tundu moja la msumari. Mvua haihitaji paa zima libomoke, kwani hupitia palepale. Maji yakipenya hadi kwenye chuma, madini ya juu na chuma cha chini huwa kama ncha mbili za betri, na upande unaoliwa ni chuma, kama vile kopo la zinki la betri ya redio linavyoliwa hadi kutoboka.

Kutu inayozaliwa humo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Hivyo hulisukuma tabaka la juu, hutoa malengelenge, na hatimaye hulibandua. Anayesugua kwa mchanga au msasa huondoa kutu iliyo juu, lakini wakati huohuo hukwangua tabaka jembamba lililobaki na kuongeza matundu.

Chanzo cha unyevu Tunduma

Chuma huoza haraka pale unyevunyevu wa hewa unapozidi takriban asilimia 60. Katika nyanda hizi za Mkoa wa Songwe, mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili, na katika miezi hiyo tope hujaa chini ya madigadi na kukaa humo kwa siku nyingi. Madigadi nyingi huanza kuoza kwa upande wa ndani usiong'arishwa, na doa linapotokea juu, chuma huwa kimekwisha kuliwa.

Kiangazi nacho si salama. Vumbi la barabara na masizi ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, hutua juu ya vyuma na kunyonya umande wa alfajiri kama sifongo. Pikipiki iliyolala nje katika baridi ya Juni na Julai huamka imelowa, ingawa hakuna mvua.

Lipo pia suala la mizigo. Eneo la Mbozi, jirani na Tunduma, ni la wakulima wa kahawa na mahindi, na pikipiki ndiyo hubeba mifuko ya mbolea na chumvi hadi vijijini. Mbolea nyingi za viwandani hunyonya maji yaliyomo hewani na kuyageuza kuwa majimaji yanayochochea kutu. Punje chache zilizomwagika kwenye keria au madigadi ya nyuma zikiachwa wiki moja zaweza kufanya uharibifu mkubwa kuliko mvua.

Kutambua madini kabla ya kushika kitambaa

Si kila kinachong'aa kwenye pikipiki ni kromiamu. Vifuniko vya injini na sehemu za chini za shokapu za mbele kwa kawaida ni aluminiamu iliyong'arishwa. Sumaku ya spika mbovu yatosha kutofautisha, kwa kuwa hung'ang'ania chuma kilichopakwa kromiamu na haishiki aluminiamu.

Tofauti hiyo ni muhimu kwa sababu aluminiamu haitoi kutu nyekundu, bali hufifia na kutoa unga mweupe. Nayo hulindwa na utando wake wa asili, lakini utando huo huyeyushwa na magadi na asidi. Majivu, sabuni kali ya unga, dawa za kutoa madoa na maji ya limau, vyote huushambulia. Majivu yanayong'arisha sufuria jikoni hufanya hivyo kwa kuichubua, jambo ambalo halifai kwa kifuniko cha injini chenye umri wa miaka 40.

Baadhi ya viwanda vilipaka vanishi isiyo na rangi juu ya aluminiamu. Vanishi hiyo ikipasuka, maji huingia chini yake na kuchora michirizi meupe kama nyayo za minyoo. Hapo kusugua juu hakusaidii. Vanishi yote hutolewa kwanza, kisha aluminiamu husuguliwa kwa msasa laini wa maji, kutoka namba 400 au 800 hadi 2,000, ndipo hupigwa dawa ya kung'arishia na kupakwa nta.

Hatua nne za utunzaji

Kwanza ni kuosha. Injini iachwe ipoe, tope la chini ya madigadi liloweshwe na kutolewa lote, kisha chombo kioshwe kwa maji safi na sabuni laini ya maji. Mashine ya maji ya kasi isielekezwe kwenye beringi za magurudumu wala kwenye mpira wa shokapu, kwa kuwa husukuma maji mahali ambapo hayatoki.

Pili ni kukausha, hatua ambayo wengi huiruka. Kitambaa kikavu kipite kwenye maungio ya spoki na ringi, chini ya nati na nyuma ya taa. Baada ya hapo pikipiki iendeshwe mwendo mfupi ili joto la injini na upepo vimalize unyevu uliojificha.

Tatu ni kuondoa vidoa. Karatasi ya aluminiamu inayofungiwa chakula, ikikunjwa na kuloweshwa maji, huondoa kutu ya juu bila kuchuna kromiamu, kwa sababu ni laini kuliko kromiamu. Isuguliwe polepole, na isitumike pale tabaka lilipoanza kubanduka. Stilwaya ya kawaida haifai, kwani mbali na kukwaruza huacha vipande vidogo vya chuma ambavyo navyo huota kutu.

Nne ni kuziba. Nta ya magari ikipakwa juu ya chuma kikavu huingia kwenye vitundu na kuyazuia maji, na wakati wa mvua hupakwa upya kila baada ya wiki chache. Kwa pikipiki inayowekwa bila kutumika, mafuta safi ya mgando yanafaa zaidi. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini haifai, kwa sababu hubeba asidi na masizi, hukamata vumbi, na ikifika kwenye breki ni hatari. Ekzosi haipakwi nta kwa sababu joto huiunguza.

Chombo kilichooshwa hakifunikwi kwa nailoni. Mvuke hunaswa ndani na kugeuka maji usiku. Kitambaa kinachopitisha hewa, chini ya paa, ni bora zaidi.

Pale urembo unapokuwa usalama

Zipo sehemu ambazo kutu yake si suala la sura. Miguu ya shokapu za mbele hupakwa kromiamu ngumu na nene kuliko ile ya urembo, kwa kuwa hupanda na kushuka ndani ya sili ya mpira. Kishimo kimoja cha kutu huikata sili hiyo kama kisu. Mafuta huvuja, shokapu hupoteza nguvu, na yakiteremka hadi kwenye breki ya mbele, dereva hukosa breki mahali anapoihitaji. Kubadili sili pekee hakusaidii, kwani ile mpya nayo itakatwa. Miguu hiyo ifutwe kwa kitambaa safi kila inapotoka kwenye tope.

Spoki nazo zikiliwa na kutu hupungua unene na kukatika zikiwa na mzigo. Kuzipaka rangi ya fedha, kama inavyofanyika mara nyingi, huficha ugonjwa bila kuutibu.

Kupaka kromiamu upya kunawezekana, lakini kuna gharama zake. Chuma husagwa kwanza, na madigadi iliyokwisha kuliwa yaweza kutoboka. Aidha, kazi hiyo hutumia kemikali za kromiamu ambazo taasisi ya Shirika la Afya Duniani inayotafiti saratani, IARC, imeziweka katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Septemba 2017 matumizi ya kemikali hiyo ya kupakia yanahitaji kibali maalumu.

Kwa hiyo tabaka la kwanza, lile lililotoka kiwandani, ndilo lenye thamani, na likiisha halirudi kwa urahisi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mmiliki wa pikipiki kongwe Tunduma, ufa huo ni mdogo kiasi cha kutoonekana kwa macho, na wakati mzuri wa kuuziba ni Oktoba, vyuma vikiwa vikavu na kabla mvua za Novemba hazijaanza.