Kutega na Kutegua: Chemshabongo ya Mafumbo Miongoni mwa Marafiki

Katika Mkoa wa Simiyu, ambao makao yake makuu ni Bariadi na ambao wenyeji wake wengi ni Wasukuma, kutegana maneno ni mchezo wenye kanuni: mtegaji hutamka "Kalagu" na wenzake huitikia "Kize", kama vile katika Kiswahili "Kitendawili" huitikiwa "Tega". Mchezo huo una undugu wa karibu na chemshabongo ya miraba, yaani kujaza herufi katika visanduku vinavyopishana wima na mlalo, ambayo Arthur Wynne aliichapisha katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, na ambayo Waingereza waliitilia mafumbo katika miaka ya 1920.

Kidokezo cha fumbo hubeba njia mbili zinazofikia jibu moja. Katika kidokezo "Remba zao la Simiyu (herufi 5)", msomaji wa haraka huona amri ya kurembesha shamba, lakini anayeitenga "remba" na maneno yanayofuata hupata kitenzi upande mmoja na zao la biashara upande wa pili, na "pamba" hutosheleza pande zote mbili. Njia nyingine ni kinyume, usemi wa kutanguliza silabi ya mwisho, ambao Edward Steere aliutolea mfano katika kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja mwaka 1870. Kwa njia hiyo "Geuza taka uchotee maji (herufi 4)" huzaa "kata", kwani ta-ka ikigeuzwa huwa ka-ta, nacho ni chombo cha kuchotea maji.

Marafiki wanaotegana katika kundi la WhatsApp, mmoja akiwa Bariadi na mwingine Maswa au Meatu, hufaidi zaidi pale mjuzi anapoeleza hatua za kutegua badala ya kutaja jibu tu, na anayeshindwa anapofuata desturi ya kutoa mji ili ateguliwe. Mtegaji naye ana wajibu wa haki, kwa sababu fumbo jema ni lile ambalo aliyeshindwa, akishaelezwa, hukiri kwamba kila alichohitaji kilikuwa mbele ya macho yake; likikosa sifa hiyo, huwa ni kuficha tu, wala halimfunzi mtu lugha.