Kucha za Mbwa wa Getini

Simba wa Kreta ya Ngorongoro anapotembea hurudisha kucha zake ndani, ndiyo maana hubaki kali. Mbwa hawezi. Kucha zake ziko nje wakati wote na husagika kila anapokanyaga. Mbwa anayeshinda na ng'ombe malishoni, upande wa Endulen au Nainokanoka, husagwa kucha na mawe na ardhi ngumu; mara nyingi hahitaji mkasi.

Mwenye shida ni mbwa wa ulinzi wa Karatu mjini, anayefungiwa bandani mchana kutwa na kufunguliwa usiku kwenye ua mdogo. Kucha zikianza kugonga sakafu akitembea, zimezidi. Humsukuma vidole juu, naye hubadili mwendo kwa maumivu.

Iko kucha inayosahaulika kila mara. Mbwa wa kufugwa kwa kawaida ana kucha 18: nne kila mguu, na moja zaidi juu kidogo, upande wa ndani wa kila mguu wa mbele. Mbwa mwitu wa Loliondo na Serengeti hana hiyo ya juu. Kwa kuwa kucha hiyo haigusi ardhi, haisagiki, na ikiachwa huweza kujikunja mpaka ikachoma nyama.

Ndani ya kila ukucha mna nyama laini yenye damu na neva. Kwenye ukucha mweupe huonekana kwa rangi ya waridi. Ukiwa mweusi, hukatwa vipande vyembamba huku mkataji akitazama pale alipokata. Kidoa cheusi kikitokea katikati, ni pa kuachia. Kucha zilizoachwa miezi mingi hazifupishwi kwa siku moja, kwani nyama hiyo nayo imerefuka. Zikipunguzwa kidogo kila wiki moja au mbili, nyama hurudi nyuma yenyewe. Mkasi uwe mkali, wa kucha za mbwa. Butu huponda ukucha na kuupasua.

Lakini kazi kubwa hutangulia mkasi. Kwa siku kadhaa mtu aliyezoeleka na mbwa humpapasa bega, akashuka mguuni, akabonyeza kidole kimoja, na kila mara humpa dagaa au kipande cha nyama. Kisha mbwa hunusishwa mkasi na kusikilizishwa mlio wake. Siku ya kwanza ukucha mmoja unatosha kabisa. Akilamba midomo bila chakula, akipiga miayo, akigeuza uso au kukakamaa, anaomba kupumzishwa na apumzishwe. Kumkandamiza chini watu watatu ni kumfundisha woga, na mara ijayo atapigana mapema zaidi.

Damu ikitoka, ukucha hubanwa kwa unga wa mahindi dakika chache bila kufunuafunua. Mbwa akimng'ata mtu, hata akiwa wa nyumbani, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aliyeng'atwa aende hospitali mara moja. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, karibu hakuna anayepona.

Mazoea hayo ya kushikwa yana faida nyingine. Mwaka 1994 virusi vya distempa, ugonjwa wa mbwa, viliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na baadaye mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi wakawa wanachanjwa. Mbwa aliyezoea mikono hufika kwenye chanjo kwa kamba ya kawaida na kusimama achomwe sindano. Anayeogopa kuguswa huachwa nyumbani bila kinga.