Hadithi Inayouza: Biashara Ndogo na Nguvu ya Masimulizi

Masimulizi ya biashara ni maelezo ya kweli, yenye mhusika na mfuatano wa matukio, yanayomwonyesha mteja bidhaa imetoka wapi, imetengenezwa na nani na inamfaa nani. Hayafanani na tangazo la kawaida. Tangazo husema asali hii ni safi, tamu na ya bei nafuu. Muuzaji wa kibanda cha pili naye husema hivyo hivyo, na mteja hana namna ya kuwatofautisha. Masimulizi husema asali imerinwa katika misitu ya miombo ya Sikonge, mkoani Tabora, na mrina asali aliyefundishwa kazi hiyo na babu yake, kisha ikachujwa kwa kitambaa bila kuchemshwa. Maneno ya tangazo yanaweza kubandikwa kwenye chupa yoyote. Maelezo haya yana mwenyewe.

Kampuni kubwa hununua mabango ya barabarani na muda wa redio. Fundi cherehani, mwenye duka la mtaani au mama anayesaga unga wa lishe hana fedha hizo, lakini anazijua hatua zote za kazi yake na wateja wake wengi anawafahamu kwa majina. Habari zake husambazwa na midomo ya hao wateja. Ndiyo maana hadithi inayofaa biashara ndogo ni ile ambayo mteja anaweza kumsimulia jirani yake, kwa maneno yake mwenyewe, bila kuikosea.

Kwa nini masimulizi huuza

Sababu ya kwanza ni kumbukumbu. Orodha ya sifa husahaulika upesi, ila kisa chenye mtu, mahali na shida iliyotatuliwa hukaa akilini. Sababu ya pili ni imani. Mteja anayejua unga umesagwa wapi na nani anajua pia wa kumuuliza ukiwa na kasoro, hivyo hununua kwa wasiwasi mdogo.

Sababu ya tatu ni thamani. Mwaka 2009 Wamarekani wawili, Rob Walker na Joshua Glenn, walianza kununua vikorokoro vya mitumba kwa wastani wa dola 1.25 kimoja. Waliwaomba waandishi watunge kisa cha kila kitu, kisha wakavinadi kwenye mtandao wa eBay wakieleza wazi kwamba visa hivyo vilikuwa vya kubuni. Vitu vilivyogharimu jumla ya dola 128.74 viliuzwa kwa dola 3,612.51. Hakuna kilichokarabatiwa wala kupakwa rangi. Kilichoongezwa ni hadithi tu. Ikiwa kisa cha kutunga kiliweza kupandisha bei kiasi hicho, mtengenezaji mwenye kisa cha kweli hana sababu ya kukificha.

Mifano ya Afrika Mashariki

Mjini Mombasa, duka la ukoo wa Kaderdina Hajee Essak, lililoanzishwa mwaka 1887, linajulikana kwa kanga zenye chapa ya Mali ya Abdulla. Mwanzilishi wake hutajwa kuwa ndiye aliyeanzisha desturi ya kuandika jina la kanga, yaani ule usemi wa chini, mwanzoni mwa karne ya 20. Maandishi ya awali yalikuwa ya hati ya Kiarabu, baadaye yakawa ya Kilatini. Tangu hapo mnunuzi amekuwa akichagua kanga kwa rangi na kwa jina pia, kwa sababu jina humsemea kwa mumewe, shoga yake au jirani. Bidhaa yenyewe imebeba ujumbe, na kila aliyeivaa ameitangaza bila kulipwa.

Huko Karen, Nairobi, Susan Wood alianza kutengeneza shanga za udongo mwaka 1975 pamoja na wanawake wawili waliokuwa wakilea watoto peke yao. Kazi hiyo ilikua ikawa kiwanda cha Kazuri, ambacho kimewaajiri mamia ya wanawake. Mgeni hupitishwa karakana, akaona udongo unavyofinyangwa, kuchomwa na kupakwa rangi, kabla ya kuingia dukani. Akishaiona mikono inayofanya kazi, bei ya mkufu haimshangazi.

Utaratibu kama huo uko kwenye mashamba ya viungo ya Kizimbani na Kindichi, Unguja. Mwongozaji huchuma jani la mdalasini, hupasua kungumanga, hueleza historia ya karafuu visiwani na kumwonjesha mgeni. Pakiti za viungo huja mwishoni. Maelezo hutangulia, bei hufuata.

Sehemu za hadithi ya biashara

Hadithi fupi ya biashara huhitaji mambo manne: mtu, shida, hatua alizochukua na matokeo. Mtu anaweza kuwa mwanzilishi, fundi, mkulima anayeleta malighafi au mteja. Shida lazima iwe ile mteja anayoijua. Mama wa mtoto anayekataa uji hatashawishika na sifa za kinu kipya. Atasikiliza kisa cha mama mwenzake aliyebadili mchanganyiko wa unga mpaka mtoto akamaliza bakuli.

Hadithi zenye nguvu zaidi mara nyingi hujibu hofu ya mnunuzi. Wateja wengi wakiona asali imeganda hudhani imechanganywa na sukari. Ukweli ni kwamba asali halisi nayo huganda, kwa kuwa sukari ya glukosi iliyomo ndani yake hujitenga na kuwa chembe. Muuzaji anayelieleza hilo mapema, na kuonyesha jinsi ya kuiyeyusha chupa ikiwa ndani ya maji ya vuguvugu, hugeuza lawama kuwa imani.

Undani mdogo una uzito kuliko sifa kubwa. Jina la kijiji, aina ya kuni na saa ambayo mwokaji huwasha tanuri humfanya msomaji aone kazi ikifanyika. "Ubora wa hali ya juu" haumwonyeshi kitu.

Mahali pa kusimulia

Kisa kimoja kinaweza kusimuliwa kwa urefu tofauti. Kwenye lebo kinatosha kwa sentensi mbili. Kwenye hali ya WhatsApp, ambayo hudumu saa 24, kinaweza kugawanywa katika picha chache zinazofuatana tangu malighafi hadi bidhaa kamili. Kwenye maonyesho kama ya Sabasaba au Nanenane, anayesimama bandani anapaswa kukisimulia kwa dakika moja. Wafanyakazi wote wakijue vilevile, kwa maana mteja akisikia habari mbili zinazopingana huacha kuamini zote.

Mipaka ya ukweli na heshima

Hadithi ya uongo ikigundulika huangusha biashara yote. Isitoshe, nchini Tanzania Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kuwapotosha walaji, na Kenya ina Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012. Picha na habari za mteja au mfanyakazi hutumiwa kwa idhini yake. Kenya ilitunga sheria ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Zaidi ya sheria kuna utu. Kumwonyesha mfinyanzi kama mtu wa kuhurumiwa huleta mauzo ya mara moja na kumdhalilisha. Akionyeshwa ujuzi wake, mteja hununua kazi yake na kurudi tena.

Kupima matokeo

Kipimo rahisi ni kumuuliza kila mteja mpya ametoka wapi na amesikia nini, kisha kuyaandika majibu kwenye daftari pamoja na mauzo ya siku. Baada ya miezi michache huonekana ni kisa kipi kinachorudiwa na watu. Hicho ndicho cha kuwekwa kwenye lebo. Visivyorudiwa na mtu hufupishwa, hurekebishwa au huachwa.